Duma wa Nyika za Athi: Filamu Iliyonikosesha Usingizi

Nitoe hukumu kwanza, maana siwezi kuibana kifuani hadi mwisho wa makala. Itafute filamu ya Duma, itazame wikendi hii, na kama una tineja nyumbani mketishe kando yako hata akinuna. Ndiyo, ilitoka mwaka wa 2005. Ndiyo, imekuwepo miaka yote hii sisi tukirudiarudia sinema za magari kulipuka na majengo kuporomoka. Mimi ndio kwanza nimeiona, hapa hapa Machakos mjini, na tangu ilipokwisha sijatulia. Nimempigia simu kila mtu ninayemjua. Waliopokea wamejuta. Sasa ni zamu yako.

Kisa chenyewe hakina mafumbo. Usiku, barabarani, baba na mwanawe wanamkuta mtoto wa duma aliyeachwa yatima. Wanambeba hadi shambani kwao Afrika Kusini, wanamwita Duma, na anakulia humo ndani kama mmoja wa familia. Baba anamwambia kijana mapema, bila kuzungusha: huyu si wetu, siku itafika tumrudishe nyikani. Kabla siku hiyo haijafika, baba anaugua na kufariki. Shamba linamshinda mama. Wanahamia Johannesburg, na mnyama aliyezoea kufukuza upepo anajikuta amefungiwa kwenye nyumba ya ghorofa katikati ya jiji. Haiwezekani, bila shaka. Hapo ndipo Xan, mvulana wa miaka 12, anapoitoa pikipiki kuukuu ya marehemu babake, ile yenye kigari cha ubavuni, anampakia duma wake kigarini, na kushika njia.

Kigarini! Duma ameketi wima, upepo wampiga usoni, na kijana ameng'ang'ania usukani ambao mikono yake haijakomaa kuumudu. Nilipiga kelele. Sioni haya kusema.

Kisha mafuta yanaisha. Yanaishia wapi? Katikati ya tambarare ya chumvi ya Makgadikgadi, kule Botswana, mahali ambapo hakuna mti, hakuna kichuguu, hakuna hata kivuli cha ndege. Weupe mtupu mpaka mbingu zinapogusana na ardhi. Na kutoka katika weupe huo anatokea mtu. Anaitwa Ripkuna. Huyo ndiye atakayekuwa kiongozi wa njia, na huyo ndiye sababu ya mimi kuandika makala haya kwa mkono unaotetemeka.

Lakini kabla ya Ripkuna, shika kiti chako vizuri, kwa sababu kuna jambo la hapa kwetu.

Filamu hii imetokana na kitabu kiitwacho How It Was with Dooms, kilichochapishwa mwaka wa 1997, na waandishi wake ni Xan Hopcraft na mamake, Carol Cawthra Hopcraft. Kitabu hicho hakikutoka Kalahari hata kidogo. Kilitoka Machakos! Ranchi ya akina Hopcraft ilikuwa kwenye nyika za Athi na Kapiti, upande wa Lukenya, ndani ya kaunti hii hii. Ilikuwa na ukubwa wa ekari zipatazo 20,000, na mwenyewe, David Hopcraft, alikuwa msomi aliyetafiti swala akiwalinganisha na ng'ombe, akashikilia kwamba ardhi kame kama yetu huwalisha vizuri zaidi wanyama waliozaliwa nayo. Kwa miaka mingi ranchi hiyo ilivuna wanyamapori kwa idhini ya serikali, na nyama ikapelekwa mezani Nairobi, mpaka mpango huo wa uvunaji uliposimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Basi katika mazingira hayo, pamoja na mtoto wa nyumba hiyo, ndimo alimokulia duma wa kweli.

Yaani mnyama aliyewafanya watu wa Marekani watoe machozi alikanyaga udongo tunaoupita kila siku tukielekea Nairobi, tumebanana ndani ya matatu nyuma ya lori la saruji. Na sisi hatukuambiwa!

Wazalishaji waliihamishia hadithi kusini ili kijana apate jangwa halisi la kuvuka. Familia ikawa ya Afrika Kusini, ranchi ikawa shamba, na Athi ikawa Kalahari. Jina la Kiswahili la mnyama likabaki lilivyo, alama ya kwao isiyofutika. Sina kinyongo. Nyika za Athi huwezi kupotea humo wiki nzima siku hizi. Ukitembea asubuhi na mapema, jua la adhuhuri litakukuta Mlolongo ukiulizwa kama unapanda gari. Hadithi ilihitaji mahali pa kuogofya zaidi, na mahali hapo walipata.

Sasa turudi kwa Ripkuna.

Tumezoea kiongozi wa njia wa Kiafrika katika sinema za wageni. Anabeba mizigo. Ananusa upepo. Anasema maneno matatu ya hekima, kisha anakufa kabla ya saa ya pili ili mgeni apate mahali pa kulilia. Ripkuna hana muda wa upuuzi huo. Anamcheka kijana waziwazi. Anamtisha kwa kumhesabia vitu vyote vitakavyomuua huko mbele. Ana komba mdogo anayesafiri naye, na mara nyingine unaona kabisa kwamba mazungumzo ya komba yanampendeza kuliko ya huyu mtoto mkaidi mwenye pikipiki isiyowaka. Ana mipango yake mwenyewe, na filamu haiharakishi kukwambia ni mipango gani.

Hapo ndipo utamu unapoanza kukolea. Xan hamwamini, na mtazamaji pia hamwamini. Duma aliyezoea watu ni mali. Kuna watakaomlipia pesa nzuri. Ripkuna naye ni mtu asiye na kitu, aliyeondoka kijijini kwao miaka mingi iliyopita kwenda kutafuta riziki katika migodi ya Johannesburg. Sasa yuko njiani kurudi, au anazungukazunguka tu kwa kuogopa kurudi, kwa sababu mikono ni mitupu. Mwambie mtu wa Ukambani kwamba hamjui mtu huyo! Kila ukoo una mjomba aliyeteremkia Mombasa akaahidi kurudi na mabati ya nyumba ya mama. Miaka ikapita, mabati hayakuja, na mjomba akaona heri apotee kabisa kuliko kuja kutazamwa machoni.

Hivyo basi nyikani kuna watu wawili waliopotea, na mmoja tu kati yao ndiye anayejua njia. Ripkuna anaujua kila mmea, kila wayo, kila kisima cha maji. Asichokijua ni jinsi ya kuingia katika kijiji chake mwenyewe. Kijana hajui chochote kuhusu nyika, lakini anajua anakokwenda na kwa nini, maana aliahidi. Kila mmoja ana kipande ambacho mwenzake amekikosa. Nimeona filamu nyingi za vijana kukua, na katika nyingi mtu mzima huwa ameshakamilika, kazi yake ni kugawa mafunzo. Hapa mtu mzima naye anakua. Tena anakua kwa kuvutwa na mtoto, shingo upande, akilalamika njia nzima. Hili ndilo jambo moja ambalo filamu hii inalifanya vyema kuliko zote za jamii yake, na nitalisema hadi mnichoke.

Anayemwigiza Ripkuna ni Eamonn Walker, Mwingereza mzaliwa wa London, ambaye wapenzi wa runinga wanamkumbuka kama yule mkubwa wa wazimamoto katika Chicago Fire. Mtazame anavyofanya kazi kwa macho. Kuna nyakati anamwangalia duma akiwa amelala kando ya moto, na huwezi kujua kama anamwona mnyama, au anaona noti, au anamkumbuka mtu. Uso hausogei. Mimi nilijikuta nimeinama kuelekea skrini kana kwamba nikisogea karibu ataniambia.

Xan anaigizwa na Alexander Michaeletos, kijana wa Afrika Kusini ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Usitafute kwake machozi ya maonyesho. Ana ukaidi mkavu wa mtoto aliyefiwa ambaye hataki kuguswa bega, na hilo linauma zaidi. Tena kijana na duma wako ndani ya picha moja, mara kwa mara, bila ujanja wa kukata hapa na kuunga pale. Anamkumbatia, anamburuta, anamlalia. Waliotumika ni duma kadhaa wa kweli waliobadilishana kulingana na tukio, na wanaonekana walivyo, si katuni zilizochorwa na kompyuta zikapewa nyusi za kibinadamu.

Na hao duma, mama yangu! Mwelekezi Carroll Ballard anawaacha wawe duma. Anatuonyesha mtoto mwenye manyoya ya kijivu yaliyosimama mgongoni, ile shuka ya utotoni inayomfanya afanane kwa mbali na nyegere. Anatuwekea karibu mistari miwili myeusi inayoteremka kutoka pembe za macho hadi mdomoni. Anatuacha tumsikie. Wengi wetu tunadhani paka mkubwa lazima angurume. Duma hawezi kunguruma kama simba. Hulia kijisauti chembamba cha ndege, na akiridhika hukoroma kama paka wa jikoni, ila koromo lake lina uzito. Kuna mahali sauti hiyo inakijaza chumba chote, na nilipandisha sauti ya runinga badala ya kuiteremsha.

Tazama pia miguu. Kucha za duma hazifichiki zote kama za chui. Hubaki zimechomoza kama za mbwa, kwa ajili ya kushika ardhi anapokata kona. Ndiyo maana wanaosoma nyayo huku kwetu hutofautisha wayo wake na wa chui kwa alama za kucha mchangani. Na mkia! Anapogeuka kwa kasi, ule mkia mrefu ndio unaomweka sawa asipinduke. Mpigapicha Werner Maritz anampiga akikimbia kwa namna ambayo unaona mwili wote unakunjika na kukunjuka, miguu yote minne iko hewani, na huyu kijana wa kibinadamu kando yake anaonekana mzito kama gunia.

Nilikuwa nimeketi na wapwa zangu wawili. Yule mkubwa, wa miaka 14, ni mtu ambaye hula, huoga na karibu hulala akiwa na simu mkononi. Mara ya kwanza Ripkuna alipotokea, aliinua macho. Walipofika kwenye mto wenye mamba, simu ilikuwa imelazwa kifudifudi juu ya meza, na sahani ya muthokoi kando yake imeganda. Mdogo wake alikuwa ameshapanda juu ya kiti. Hakuna aliyeenda msalani. Hicho ndicho kipimo changu cha filamu ya safari, na hii imepita.

Siwezi kusimulia yanayowapata baada ya mto. Nitataja mbung'o, kisha nifunge mdomo. Nitasema tu kwamba hatari za filamu hii hazina muziki wa kukutayarisha kila mara. Hakuna jangili mwenye sharubu anayecheka peke yake. Kiu ni kiu. Mamba ni mamba. Mdudu mdogo asiyezidi inzi anafanya kazi ambayo simba hakuifanya. Mtu aliyewahi kuchunga mbuzi mahali penye joto la Yatta au Masinga ataitambua nyika hii, maana humo hatari kubwa huja kimya, bila kiburi.

Ballard si mgeni wa mambo haya. Ndiye aliyetoa The Black Stallion mwaka wa 1979, kuhusu mvulana na farasi. Never Cry Wolf mwaka wa 1983, kuhusu mtafiti na mbwamwitu. Na Fly Away Home mwaka wa 1996, kuhusu msichana na mabata bukini yatima. Ukizipanga pamoja unaona kwamba miaka yote hiyo alikuwa akifuata swali lilelile: mtu anaweza kumpenda mnyama bila kummiliki? Katika Duma anampa swali hilo mtoto ambaye ametoka kumzika babake. Yaani anamwambia: umepoteza mmoja bila hiari, sasa mwachie mwingine kwa hiari. Nani angethubutu kumwomba mtoto jambo kama hilo? Na filamu inamwomba, taratibu, hatua kwa hatua, mpaka yeye mwenyewe anakuwa wa kwanza kuliona.

Sasa utaniuliza, kama ni nzuri hivyo, mbona hatukuisikia? Nimekasirika kwa niaba yake. Studio ya Warner Bros. iliijaribu kimyakimya katika miji michache ya Marekani, San Antonio, Phoenix na Sacramento, mnamo Aprili 2005. Watu hawakujaa, na ikawa karibu itupwe kabatini. Wahakiki wachache, Roger Ebert akiwa mstari wa mbele, waliipigia kelele, na Agosti mwaka huo ikafunguliwa Chicago. Kelele hizo zilikuja zikiwa zimechelewa. Mapato yake ya Marekani hayakufika dola milioni moja. Filamu ya kijana, kiongozi na duma ikazikwa na matangazo hafifu, ikabaki kupitishwa mkono kwa mkono na watu kama mimi wanaosumbua wenzao kwa simu.

Wenye umri wangu wataikumbuka nyingine, Cheetah ya Disney, iliyotoka mwaka wa 1989 na kupigwa hapa hapa Kenya. Humo kuna matineja wawili Wamarekani, Ted na Susan, wanaokuja kukaa na wazazi wao watafiti, na rafiki yao Morogo, kijana Mmaasai anayewaongoza nyikani. Wao pia wanamlea duma yatima, naye pia anaitwa Duma, kisha wahuni wanamwiba ili akashindanishwe na mbwa wa mbio Nairobi. Ni sinema changamfu, na Morogo anaibeba mabegani. Ila Morogo amepewa kazi ya kuwafaa wageni tu. Nyumbani kwake na ndoto zake zinabaki nje ya picha. Ukiitazama leo kisha ukaiwekea Duma kando, unaona umbali kati ya kiongozi aliyeandikwa kama chombo na kiongozi aliyeandikwa kama mtu.

Na usidhani ile habari ya duma kushindanishwa na mbwa ilitungwa tu. Desemba 1937, katika uwanja wa Romford jijini London, duma waliosafirishwa kutoka Kenya waliachiliwa mbele ya umati kukimbizana na mbwa wa mbio. Aliyewapeleka ni Kenneth Gandar-Dower, mcheza tenisi na rubani, akisaidiwa na Raymond Hook wa Nanyuki. Duma jike aitwaye Helen aliwaacha mbwa kwa mbali. Baadaye mchezo ukafifia, kwani duma hana ari ya kushindana. Akiona windo limempita, anaketi na kupumzika. Nampenda zaidi kwa sababu hiyo.

Je, Duma haina dosari? Inazo, na nitazitaja haraka kwa sababu moyo wangu hauko huko. Sehemu ya Johannesburg inakimbizwa. Shule, wanafunzi wachokozi na duma anayezua kizaazaa vinapita kabla hujakaa sawa. Mama, anayeigizwa na Hope Davis, amepewa kuhangaika tu, na ningetaka kumwona akiomboleza kwa wakati wake. Tena, ndiyo, bado ni mtoto mzungu anayesafiri na mtu mweusi anayemjulisha Afrika, na kuna dakika mbili tatu ambapo Ripkuna analazimishwa kutoa methali pale ambapo tusi lingefaa zaidi. Walker anaziokoa. Anazitamka kama mtu anayejua kwamba kijana anazingoja, na anampa kwa dhihaka.

Kuna onyo moja ambalo si dosari ya filamu bali ni letu watazamaji. Baada ya dakika 100 za kumwona duma akikoroma kitandani, wapwa zangu waliuliza tutampata wapi wetu. La! Duma waliobaki duniani hawazidi sana 7,000. Watoto wao huibwa katika Pembe ya Afrika na kuvushwa bahari hadi Ghuba wawe mapambo ya matajiri, na wengi hufia njiani. Hapa Kenya sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuruhusu kumfuga bila kibali, na ukimwokota mtoto wa duma wa kumpigia ni KWS, shirika la wanyamapori, si jirani mwenye banda. Filamu yenyewe inasimama upande huu. Safari nzima ni ya kumrudisha. Lakini watoto huona kwanza kitanda, jangwa huja baadaye, kwa hiyo kaa nao mzungumze.

Tena duma wetu bado wapo! Kwenye nyika za Athi na Kapiti, katika ranchi zilizobaki wazi, pamoja na ile ya ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, pale Kapiti, wangali wanawinda mchana peupe. Kinachowabana ni seng'enge, viwanja, machimbo, na barabara na reli zinazokata nyika vipande. Ukishaitazama filamu hii, safari yako inayofuata ya kwenda Nairobi haitakuwa ileile. Mimi sasa nakaa upande wa dirisha, na nikipita Lukenya simwambii mtu neno.

Na hapa ndipo ninapowageukia ninyi wenye kamera. Kaunti hii ilitangaziwa Machawood enzi za gavana wetu wa kwanza, Alfred Mutua, tukaambiwa Machakos itakuwa makao ya sinema. Vizuri. Hadithi hizi hapa. Mnatafuta viongozi wa njia? Mwaka wa 1849 mmisionari Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara Mkamba aliyezijua njia za misafara kutoka bara hadi pwani. Mnatafuta vijana wanaovuka kuingia utu uzima? Zamani za nzaiko, yaani jando, hakuna kijana wa Kikamba aliyevuka peke yake. Alikuwapo mtu mzima wa kumwelekeza, na si wote walikuwa wapole. Mnatafuta mandhari? Lukenya ina majabali yanayowatoa jasho wapandaji, Kilimambogo ina msitu na nyati, Yatta ina uwanda unaokwenda mpaka macho yachoke. Ninyi ndio mnaopungua.

Niandikieni tineja wa Kangundo au wa Mwala. Mpeni mjomba aliyerudi kutoka Mombasa bila mabati, mtu mjuzi, mwenye mdomo, mwenye aibu yake. Wapeni ng'ombe aliyepotea, au mtoto wa duma, au barua ya kupelekwa ng'ambo ya Mto Athi. Wapotezeni siku tatu. Msimfanye mjomba awe mtakatifu, wala msimuue ili kijana alie. Mwacheni aringe, adanganye, aogope, kisha afike.

Mpaka hapo mtakapoitoa yenu, tunayo Duma. Zima taa. Pandisha sauti. Waambie watoto walete vyakula vyao mapema, kwa sababu pikipiki ikishawaka hakuna ruhusa ya kwenda jikoni. Nami kesho naanza tena kupiga simu, kwa hiyo ukiona nambari usiyoijua kutoka Machakos, pokea.